Papa Juu ya Kitambaa Cheupe

Juzi walikuwa wanapunguza ua wa miti ya sipre karibu na ofisi yetu, na harufu yake ikaingia dirishani bila kubisha hodi. Wenzangu waliendelea na kazi zao. Mimi niliweka kalamu chini, maana pua ilikuwa imeshanirudisha Kadutu, mtaa wa utoto wangu, kwenye sebule yetu yenye sakafu ya saruji, mkasi mkononi na uji wa muhogo umenikaukia vidoleni. Kama huujui sipre, ni ule mti mrefu mwembamba wenye majani kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, ambao mapadri waliupanda kila walipopata kipande cha ardhi. Kwetu Bukavu una kazi mbili. Mwezi wa kumi na mbili unaingia nyumbani kuwa mti wa Noeli. Miezi mingine matawi yake yanachomekwa kando ya njia ili mpita njia ajue kwamba mbele kuna kilio. Yashike hayo mawili, msomaji wangu, yatakufaa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa vita ya pili. Vita ya kwanza ilikuwa imetupitia tukiwa wadogo zaidi, na pamoja na mengine ilituchukulia boksi la mapambo ya Noeli: mipira ya kioo, myekundu na ya buluu, ambayo Maman alipewa na masista wa Katana aliposoma kwao. Mpaka leo sijui askari aliyekimbia na mipira ile alitaka kumfurahisha nani. Koko, bibi yetu aliyemzaa Papa na aliyekuwa akiishi nasi, alisema pengine alidhani ni mabomu ya wazungu, na akamwombea apone mikono.

Vita ya pili ilimkuta Papa hayupo. Alikuwa fundi wa jenereta na mashine za kusagia, na parokia zote zilimjua. Alikuwa ameshuka Sange, kule bondeni Ruzizi, kufufua kinu cha misheni, akasema atarudi Jumapili. Jumapili haijafika, barabara ikafungwa na simu zikanyamaza. Tangu hapo hatukupata neno lake, wala zuri wala baya. Shule yetu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mvua zilianza bila Papa, na maharagwe yakavunwa bila Papa.

Maman alikuwa mwalimu, na alikuwa na msimamo wa mwalimu: jambo ambalo halijathibitishwa, halipo. Akasema Papa ni mzima, na mjadala ukaishia hapo. Watu walipomuuliza habari za bwana wake alijibu kama anayemzungumzia mtu aliyetoka kwenda kununua makala, makaa ya kupikia. Yuko Sange, anafanya kazi, barabara ndiyo mbaya. Sauti yake haikutetemeka. Mimi na mdogo wangu Bahati tuliiegemea sauti ile kama ukuta, na nakuambia ukweli, sikumbuki kuogopa. Niliamini kwamba Mungu alipomuumba mama yangu alisahau kutia woga, na nikawa najisifu kwa jambo hilo mbele ya wasichana wa darasa letu.

Noeli ilipokaribia akatangaza kwamba mti utakuwepo. Tukamuuliza mapambo yatatoka wapi. Akapanda kwenye kiti, akashusha kutoka juu ya kabati kopo kubwa la biskuti tulilowekea picha za familia, akalimwaga mezani. Mapambo yetu, akasema, ni watu wetu.

Kazi ikaanza, na kazi ile sitaisahau. Mimi nilipewa kutafuta vifuniko vya makopo, ya maziwa na ya nyanya, na kuvisugua kwa mchanga mpaka ving'ae. Nilipewa pia kuokota zile karatasi za rangi ya fedha zinazokaa ndani ya paketi za sigara. Kwenye kizuizi cha chini ya mtaa askari walivuta kutwa nzima, kwa hiyo karatasi hazikutuishia. Vita ilitupatia angalau hizo. Maman alipiga duara kwenye kila picha kwa kinywa cha glasi, akakata polepole na mkasi wake wa kushonea. Koko alipika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Bahati, ambaye mkasi alikatazwa, alibandika nyuso juu ya vifuniko. Akambandika marehemu Tonton, ndugu yake Papa, kichwa chini. Maman alipotaka kumgeuza, Koko akasema amwache, kwani hata alipokuwa hai alikuwa hivyohivyo.

Marehemu hawakutupa shida. Babu, Tonton, shangazi aliyekufa kwa uzazi, wote walifungwa uzi tuliouchomoa kwenye magunia na kuning'inizwa kwenye matawi. Shida ilianza kwa walio hai. Koko alikuwa na sheria yake, na akaitamka bila kuinua macho kwenye sufuria. "Picha ya mutu muzima haikalaka mu majani."

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Kwetu, mtu akifa, picha yake inawekwa mezani katikati ya majani na maua, na wenye kuja kulia wanailekea. Picha na majani vikikutana, kila mtu anajua maana yake. Lakini Maman hakuwa mtu wa kushindwa mapema. Akauliza, kwa heshima yote ya mke wa mwana, kama Yesu alizaliwa kwa ajili ya marehemu peke yao, na kama tunatengeneza mti au makaburi. Akajining'iniza mwenyewe kwanza. Akanining'iniza mimi, kisha Bahati. Hapo Koko akanuna kidogo, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na picha ya kitambulisho ambamo alionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Alikubali itundikwe, ila kwa nyuma, ikitazama ukuta, kwa tahadhari.

Akabaki Papa.

Papa alikuwa na picha moja tu nzuri, ile kubwa ya ukutani, yenye fremu ya mbao. Alipigwa studio, amevaa suti ya kijivu ya kuazima, mkono umeegemea chombo cha maua ya plastiki, uso wa mtu anayezuia kicheko. Maman akaitoa kwenye fremu, akaweka glasi juu ya ule uso, akachukua mkasi. Koko akaacha sufuria na kuushika mkono wake. Sijawahi kumwona akimgusa Maman namna ile, kabla ya siku hiyo wala baadaye.

"Mama Faida," akasema, akimwita kwa jina langu, "ukimukata na ukimuweka mu majani, unamuzika."

"Maman, nikimuacha inje ya familia, njo namuzika," Maman akamjibu mkwewe.

Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonishangaza. Papa alikuwa na mzaha wake wakati wa chakula: akikuta mtu amechelewa mezani, anachukua nyama ya mtu huyo na kusema asiyekuwepo na lake halipo. Siku ile hakuna aliyethubutu kuyasema maneno hayo, lakini nadhani wote tuliyasikia. Bahati akaanza kulia kwa sababu gundi ilikuwa inapoa na watu wazima hawasogei.

Koko ndiye aliyepata njia. Papa hatakatwa, akasema, na hatatundikwa. Ataketi. Atawekwa mbele ya mti, kamili, ndani ya fremu yake, kama mtu mwenye heshima anayengojea chakula. Maman akafikiri, akakubali, na amani ikarudi ghafla hata kila mmoja akataka kumshinda mwenzake kwa wema. Koko alileta meza yake ndogo. Akatoa sandukuni kitambaa cheupe alichokitarizi alipokuwa mwari, akakipiga pasi ya makala mpaka mikunjo ikafa. Papa akasimamishwa katikati, ameegemea matawi. Bahati akachuma maua meupe yaliyoota mtaroni, akayatia kwenye glasi ileile tuliyochorea maduara. Umeme ulikuwa haujaonekana tangu Jumatatu na sebule ilikuwa na kiza cha majani, kwa hiyo Maman akawasha mshumaa, akauweka pembeni ya fremu. Mimi sikutaka matawi yaliyobaki yapotee bure. Nikayachomeka nje, upande huu na upande huu wa njia, mpaka mlangoni.

Tukasimama tukatazama, na tulipendezwa mno. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tulikuwa na macho ya Noeli, na hayo hayaoni kitu kingine. Hata Koko, mwenye sheria, hakuona.

Alasiri ile Maman alikaa kizingitini akipuliza mbabula, jiko letu la makala. Makala yalikuwa yamenyeshewa, moshi ukamjaa machoni mpaka yakawa mekundu. Ndani, Koko alikuwa anatufundisha wimbo wa Noeli kwa Kishi, lugha ya kwao, na Koko aliimba kila wimbo polepole, kama mtu anayeshuka mteremko wakati wa mvua. Ndipo akatokea Mama Zawadi, jirani wa nyumba ya chini, aliyekuja kuomba kaa la moto. Akapita katikati ya matawi yangu. Akamwona Maman na macho yake. Akachungulia ndani, akaona meza, kitambaa, maua, mshumaa na Papa. Akajishika mdomo. Akageuka akashuka, na Maman akatuambia huyo naye amesahau kipande cha kigae cha kubebea moto.

Ninyi mnaosoma mmekwisha kuelewa. Sisi hatukuelewa.

Haikupita muda, tukasikia wanawake wanalia. Sauti ilitoka chini ya mtaa, na mwaka ule hata watoto waliijua. Hatukujiuliza ni nini; tulijiuliza tu ni kwa nani. Ikapanda. Ikapita nyumba ya fundi viatu, haikusimama. Ikapita kwa mjane wa mwalimu, haikusimama. Koko akaacha kuimba. Wakaingia kundi zima, vitenge vimefungwa kiunoni, mikono kichwani, Mama Zawadi mbele, na walikuwa wanaita jina la Papa.

Koko alishuka chini palepale, miguu ameinyoosha, mikono imefunguka mapajani. Nilimshika Bahati. Nilielewa kwamba habari imefika; imeanzia huko chini, na wanawake hawa wamekuja kutuletea. Kwa mara ya kwanza tangu barabara ifungwe nikaogopa. Nikamtazama Maman ili nijue la kufanya.

Maman alikuwa amesimama. Hakulia, na hakuuliza neno. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina la mtoto wake. Akaleta vigoda, akatandika mkeka kwa waliokosa. Kisha akarudi kwenye mbabula, akapuliza moto, akateleka birika kubwa, lile la siku za ubatizo. Akaniagiza maji, akaniagiza vikombe, akaniambia nisisahau tangawizi. Wanawake waliendelea kulia, ila si rahisi kulia vizuri wakati mwenye nyumba anakuinamia kukuuliza kama unatumia maziwa. Akatia sukari yote iliyokuwa ndani ya kopo. Koko alimwomba kutoka pale chini, kwa Kishi, awaulize. Maman akamjibu kwamba wageni watakunywa kwanza.

Akagawa vikombe polepole, wa mwisho akampa Koko. Ndipo akaketi, akaweka mikono magotini.

"Sasa," akasema. "Muniambie. Nani alileta habari?"

Wakatazamana. Mama Zawadi akashusha kikombe chake. "Habari gani tena, Mama Faida? Si ni weye ulitujulisha?"

Akanyoosha kidole kuelekea meza. Maman akageuka, akaitazama, na nikaona anaiona kwa mara ya kwanza: majani, maua meupe, mshumaa, na Papa juu ya kitambaa cheupe akizuia kicheko chake. Mimi nikakumbuka matawi yangu ya nje, nikatamani kuingia ndani ya birika.

Aliyeanza kucheka ni Koko. Alicheka akiwa palepale sakafuni, machozi yanashuka, akijipiga paja na kusema, "Ni miye nilipiga kile kitambaa pasi. Ni miye." Wengine wakafuata. Wanawake waliokuja kulia walicheka mpaka wakamwaga chai yetu ya thamani, na mmoja akamwomba Papa msamaha mbele ya picha yake. Baadaye wakainuka kutazama mapambo. Walimgusa huyu, wakamtambua yule, wakamgeuza Tonton kichwa juu na kuambiwa wamrudishe. Mama Zawadi alikuwa na mtoto wa kiume aliyechukuliwa na askari mwezi wa nane. Kabla ya kutoka aliuliza, akiwa anatazama pembeni, kama mti ule bado una nafasi. Kesho yake alileta picha. Wakafuata wengine, kila mmoja na wake asiyejulikana aliko, na sisi tukakata na kubandika mpaka Noeli yenyewe. Mti uliinama. Koko mwenyewe alifunga nyuzi, na ile sheria yake sikuisikia tena.

Lakini kilio hakirudishwi nyuma kama kanda ya kaseti. Waliokunywa chai walijua ukweli; waliosikia tu kutoka barabarani waliondoka na walichosikia, wakakipeleka sokoni Mudaka, na kutoka sokoni sijui kilipanda mgongo wa nani. Koko alianza kuhangaika. Lisemwalo lipo, alisema, kama halipo laja. Maman alimjibu kwamba methali si ushahidi, akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Mwaka mpya ulikuwa na wiki chache tu wakati mtu mmoja alipopanda mteremko wetu, amekonda, viatu vimefungwa kwa waya, sanduku la vifaa begani. Nilikuwa nafagia uani. Alisimama pale nilipochomeka matawi yangu.

"Nimekuya kwa kilio yangu," akasema. "Chakula ilibakia?"

Fagio nililitupa wapi sijui. Papa alitusimulia akiwa ameketi kwenye kiti chake, Bahati amemng'ang'ania shingoni. Miezi yote ile alikuwa misheni ya Sange, anasubiri barabara itulie, kwa sababu kila aliyejaribu kupita alirudishwa au hakuonekana tena. Siku moja mchuuzi wa mchele akamkuta chini ya kinu, akapiga yowe na kutupa kikapu. Alipotulia akampa Papa pole kwa kifo chake, akamweleza kwamba kule Bukavu wamekwisha kumlilia, na kwamba chai ilikuwa tamu sana. Papa alisema risasi alizizoea, lakini kumfikiria mama yake amekaa chini akimlilia mtu anayekula mchele, hilo lilimshinda. Akaacha barabara, akapita milimani kwa miguu.

Kisa hicho kikawa mali ya mtaa. Mama Faida, walisema, alikuwa na hakika ya bwana wake kiasi kwamba aliwatengenezea chai waliokuja kumlilia, akawangoja wamalize. Papa alikisimulia kuliko wote, kwenye harusi na kwenye ubatizo, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba mke wake hakuwa na shaka hata siku moja. Maman alikuwa akiendelea kumenya viazi. Mimi nilikua nacho kile kisa. Shida ikinifika, nateleka maji, nainua kichwa, najiambia mimi ni mtoto wa mwanamke asiyejua kuogopa.

Miaka ikapita, Koko akafariki kwa uzee, Papa naye akamfuata. Kisha mume wangu akapasuliwa hospitalini, na Maman akaja kukaa nami. Mume wangu alipona, usihofu. Lakini mchana ule tulikuwa tumekaa kwenye benchi la uani tangu asubuhi, thermosi katikati yetu, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Daktari akatoka akija kwetu. Niliuona uso wake kwa mbali na sikuweza kuusoma. Badala ya kusimama nikainama. Nikafungua thermosi, nikammiminia Maman kikombe ambacho hakukiomba, polepole, macho yangu yakiwa ndani ya kikombe. Nikatafuta sukari. Nikakoroga, nikaendelea kukoroga.

Maman akaweka mkono wake juu ya wangu, kijiko kikasimama. Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hajafungua kinywa, na aliponiambia alikuwa ananithibitishia tu, kama mwalimu.

"Siku ile ya kilio, kama ningebauliza, bangenijibu," akasema. "Nilitaka akuwe muzima mupaka chai iive."